Umegonga kichwa na UE (mitihani ya mwisho wa muhula) inakaribia: maswali ya wanafunzi kuhusu mtikisiko wa ubongo

Nilianguka na bodaboda Mbeya nikiwa mwaka wa pili, kwenye mteremko, mvua ya Machi inanyesha, na helmeti imening'inizwa kwenye usukani badala ya kuwa kichwani mwangu. Sikuvunjika popote. Nilijipangusa tope nikaenda kipindi cha saa 4, nikakaa saa nzima nikiangalia ubao bila kuelewa hata sentensi moja. Ilinichukua wiki 6 kurudi sawa. Tangu hapo yeyote aliyegonga kichwa huelekezwa kwangu, na sasa niko Iringa maswali bado yanakuja, mengi ni yaleyale. Mimi si daktari. Ya tiba niliyoandika hapa ni yale niliyoelezwa hospitali nikayafuatilia kwa kusoma. Ya chuo nimeyapitia mwenyewe.

Mtikisiko wa ubongo ni nini hasa? CT-Scan imesema niko sawa.

Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukielea kwenye majimaji. Kichwa kikigonga kitu, au kikitikiswa kwa nguvu hata bila kugonga, ubongo nao hutikisika na seli zake kuvutwa. Chumvi za ndani na nje ya seli huvurugika, na seli hulazimika kutumia nguvu nyingi kuzirudisha mahali pake. Bahati mbaya, wakati huohuo damu inayoleta hiyo nguvu huwa imepungua. Ndiyo maana unachoka kwa kusoma ukurasa mmoja.

CT-Scan hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliopasuka. Majibu yakiwa safi ni habari njema, maana uwezekano wa hatari kubwa ni mdogo. Lakini kipimo hicho hakioni seli zilizochoka. Kwa hiyo "CT iko sawa" na "kichwa changu hakifanyi kazi" yanaweza kuwa kweli yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo mgogoro wako na chuo unapoanzia.

Halafu si lazima uwe ulizimia. Wengi waliopata mtikisiko hawakupoteza fahamu hata kidogo.

Dalili zipi hazisubiri asubuhi?

Kutapika mara kwa mara. Kichwa kinachozidi kuuma badala ya kupungua. Degedege. Mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, ulimi kuwa mzito, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyenzake. Damu au majimaji kama maji kutoka puani au sikioni. Kuchanganyikiwa, kuuliza swali moja mara tano, kutowatambua watu. Usingizi ambao wenzako wanakutingisha na huamki.

Ukiona mojawapo, ondoka saa hiyohiyo uende penye huduma ya dharura. Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Iringa kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Usiende peke yako, na usiende kwa bodaboda. Tafuta bajaji au gari, mtu akushike. Kama ni ajali ya barabarani au ulipigwa, fomu ya polisi ya PF3 itahitajika, basi mwenzako mmoja aifuatilie wakati wewe unahudumiwa. Itunze nakala yake. Ina tarehe, na tarehe hiyo utaihitaji chuoni.

Eti aliyegonga kichwa haruhusiwi kulala?

Aruhusiwe. Usingizi ni sehemu ya tiba. Kinachotakiwa ni awe ameshaangaliwa na mtaalamu, na kwa saa 24 za kwanza asiachwe peke yake chumbani.

Nipumzike siku ngapi?

Zamani watu walifungiwa chumba cha giza wiki nzima au zaidi. Siku hizi hapana. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana kwamba mapumziko yawe ya saa 24 hadi 48, tena si ya kulala kama gogo: unakula, unaoga, unatembea taratibu nje. Baada ya hapo unaanza kurudi kidogo kidogo. Kukaa kitandani siku nyingi kunaweza kuchelewesha kupona.

Watu wazima wengi huwa nafuu ndani ya wiki 2 hivi, wengine huchukua mwezi. Wachache huenda zaidi, na mimi nilikuwa mmoja wao, nadhani kwa sababu ile siku ya kwanza niliyoitumia kujifanya mwamba haikunisaidia.

Nianzeje kusoma tena?

Chukulia kichwa chako kina bando la siku. Kabla ya ajali ulikuwa na GB za kumwaga. Sasa umepewa MB chache asubuhi, na hazinunuliki dukani. Kipindi kinakula, kelele za kantini zinakula, kubishana kwenye grupu la WhatsApp kunakula, hata kutembea kwenye soko la Mwanjelwa kunakula. Ukilimaliza lote saa 5 asubuhi, siku imeisha, na mara nyingi unakopa la kesho.

Kipimo ni hiki. Kabla ya kuanza kazi yoyote, jipe namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10. Endelea na kazi ukijiangalia. Namba ikipanda kwa moja au mbili kisha ikashuka ndani ya saa moja, sawa, hujajidhuru. Ikipanda zaidi ya mbili, acha hapo hapo, pumzika, kesho punguza. Huhitaji kusubiri hadi namba iwe sifuri ndipo ufungue daftari. Kosa hilo huwafanya watu wapoteze muhula mzima wakisubiri.

Anza na dakika 15 au 20 za kusoma, kisha 10 za kutofanya kitu. Kutofanya kitu maana yake si kushika simu. Weka somo gumu saa ambayo kichwa chako kiko vizuri (kwa wengi ni asubuhi), na kazi za mikono kama kufua uziweke katikati ya vipindi viwili vya kusoma. Msuli wa usiku kucha, yaani kukesha ukisoma, usahau kwa sasa. Usingizi ukikatika, bando la kesho linakuja nusu.

Haya ni maneno ya daftari langu la wiki ya tatu, nililinunua kwa ajili ya hili tu:

"Jumatatu. Kipindi saa 2–3, maumivu 3, yakafika 4. Kusoma dk 20, 4, yamebaki 4. Kantini saa 7, kelele, 4 hadi 7. Nimelala. Jumanne. Sikuingia kantini, chakula nimeletewa. Kusoma dk 20 mara tatu, 3, 3, 4."

Mistari hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba adui yangu hakuwa kitabu cha takwimu kama nilivyodhani. Alikuwa kantini.

Simu na laptop je?

Saa 48 za kwanza punguza kadiri uwezavyo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021, uliowafuata vijana wa miaka 12 hadi 25: walioambiwa waache skrini kwa saa 48 za kwanza walipata nafuu katika siku 3.5 hivi, na walioruhusiwa kuzitumia walichukua siku 8. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini kwa gharama ya kuacha simu siku mbili, kwa nini usijaribu?

Baada ya hapo rudi kidogo kidogo. Punguza mwanga wa skrini, kuza maandishi. Slaidi zipeleke duka la stationery zikachapwe. Karatasi ilinisumbua kidogo kuliko laptop. Kama kuna mwenzako mwenye sauti nzuri na uvumilivu, akusomee. Mimi nilisomewa sura nzima ya kitabu na dada wa chumba cha jirani kwa malipo ya maparachichi ya Rungwe.

Nimwambie nani chuoni, na niandike nini?

Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo watu wanapofeli wakiwa na akili zao zote.

Mkono uliofungwa plasta unajieleza wenyewe. Kichwa chako hakijielezi. Mwalimu mmoja aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Mbona unaonekana mzima?" Sikumlaumu sana, hata mimi kwenye kioo nilijiona mzima. Kwa hiyo unachokosa kwenye sura lazima ukiweke kwenye karatasi, na karatasi iwe ya mapema. Barua iliyoandikwa siku ya 3 ni taarifa. Ileile ikiandikwa baada ya matokeo kubandikwa, kila mtu anaisoma kama kisingizio.

Mwombe daktari asiandike "mapumziko siku 3" tu. Aandike tatizo lenyewe, tarehe ya kuumia, na kitu gani upunguziwe na kwa muda gani. Pitisha karatasi hiyo zahanati ya chuo kama utaratibu wenu unadai. Kisha barua yako iende kwa mkuu wa idara, nakala kwa mshauri wa wanafunzi, na walimu wa masomo husika wajulishwe. CR wako (mwakilishi wa darasa) naye ajue, kwa sababu yeye ndiye atakayekuambia test imesogezwa.

Kwenye barua usiandike "naumwa kichwa, naomba msaada". Nani chuo kizima haumwi kichwa? Andika unachoshindwa na unachoomba. Kwa mfano:

"Tangu tarehe 14 Machi nilipopata ajali, siwezi kusoma zaidi ya dakika 20 mfululizo bila maumivu kuongezeka, na mwanga wa projekta hunitia kichefuchefu. Daktari ameshauri nipunguziwe kazi kwa wiki 2 (nakala imeambatanishwa). Naomba kuwasilisha kazi ya nyumbani tarehe 4 Aprili badala ya 24 Machi, kupatiwa slaidi kabla ya kipindi, na kufanya test ya pili katika tarehe nyingine itakayopangwa."

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo chumbani. Katibu muhtasi akisema "iache tu hapo mezani", tabasamu, msalimie vizuri, na subiri muhuri. Barua yangu ya kwanza haikuwahi kuonekana tena. Ya pili ilikuwa na muhuri, na hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Usisahau mahudhurio pia. Vyuo vingi vinadai asilimia 75 ya vipindi. Siku ulizokosa kwa ruhusa ya daktari zinatakiwa ziwe na ushahidi, la sivyo zinahesabika kama utoro wa kawaida.

UE ni wiki mbili zijazo. Nifanye au niahirishe?

Jipime kwa mtihani wa mwaka jana. Kaa nao mezani kwa muda uleule, saa 3 kama ni saa 3. Ukishindwa kufika nusu bila namba kupanda zaidi ya mbili, hiyo ni ishara, peleka matokeo hayo kwa daktari muamue pamoja.

Kati ya kufanya zote na kuahirisha zote kuna njia za katikati: kufanya baadhi ya masomo sasa na mengine kwenye mtihani maalumu, kuongezewa muda, kukaa chumba kisicho na watu wengi. Si kila chuo kitakupa vyote, ila usipoomba hutapewa hata kimoja. Soma kanuni za mitihani za chuo chako, zile ulizopewa wiki ya kwanza ukazitumia kufunikia ndoo.

Kitu kimoja nakisisitiza kwa sauti: omba kabla ya mtihani. Ukishaingia chumbani ukasaini karatasi ya mahudhurio, ni vigumu sana kusema baadaye kwamba ulikuwa mgonjwa. Na mtihani maalumu ulioombwa kwa ugonjwa kwa kawaida huhesabiwa kama mtihani wa kwanza, tofauti na sapu (mtihani wa marudio kwa aliyefeli), ambayo alama zake vyuo vingi huziwekea kikomo. Nina rafiki aliyeingia UE akiwa na kizunguzungu kwa sababu "mwanaume hakimbii paper". Alipata sapu nne.

Nikiahirisha muhula, boom linakuwaje?

Fedha za Bodi ya Mikopo humfuata aliye masomoni. Ukiahirisha, malipo husimama mpaka urudi, na taarifa zako zikikaa vibaya kwenye mfumo, kurudi kwake kunaweza kuchelewa. Muone afisa mikopo wa chuo kabla hujasaini barua ya kuahirisha, na uliza bima yako ya afya itaendelea au la, kwa sababu ndicho kipindi utakachoihitaji.

Ninakaa hosteli, watu sita chumba kimoja.

Kama unalala kitanda cha juu, omba kubadilishana leo. Kizunguzungu na ngazi ya chuma saa 9 usiku ni kuumia mara ya pili. Kitambaa cheusi juu ya macho kinatosha kwa taa inayowaka usiku. Kwa kelele, plagi za masikio zinapatikana maduka ya dawa, lakini usishinde nazo mchana kutwa, sikio huzoea ukimya na kelele kidogo zikaja kukusumbua zaidi. Nilipatana na wenzangu spika izimwe saa 4 usiku, na mimi nikawa mtu wa kuamka kuwachotea maji. Makubaliano ya namna hiyo hudumu kuliko kulalamika.

Dawa gani ninywe?

Siku mbili za kwanza madaktari hupendelea paracetamol. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ambayo tumezoea kuimeza kama karanga huepukwa kwanza, kwa sababu zinaweza kuongeza uwezekano wa kuvuja damu. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Na usiifanye chakula: anayemeza dawa za maumivu karibu kila siku, siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa miezi kadhaa, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Vinywaji vya kuongeza nguvu acha, vinakunyima usingizi.

Naamka na kichwa kizito kila asubuhi, hasa Juni na Julai.

Una jiko la mkaa chumbani? Nauliza kwa sababu baridi ya Iringa na Mbeya tunaijua, na wanaopanga mtaani wengi huingiza jiko ndani, wakafunga dirisha na kuziba mlango kwa kanga. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, dalili zilezile za mtikisiko, kisha huua. Kama kichwa huwa chepesi ukitoka nje na kizito ukirudi chumbani, usimlaumu ubongo kwanza. Toa jiko. Ongeza blanketi.

Ulanzi kidogo tu?

Hapana, wala bia. Hata ule mtamu uliogemwa asubuhi, kufika jioni umeshabadilika.

Nyumbani hawaelewi. Mama anasema kama hakuna jeraha hakuna ugonjwa.

Mama yangu yuko Mufindi. Nilipompigia simu alisema, "Mwanangu, kichwa gani hicho kisicho na kidonda? Au kuna mtu umegombana naye huko?" Baba mdogo akaongeza kwamba labda nimetupiwa kitu, nirudi niangaliwe. Sikubishana nao. Nilimwambia, "Mama, unakumbuka lile boga lililodondoka kwenye gari la mkaa? Nje lilikuwa zima, ulipolipasua ndani limepondeka." Akanyamaza kidogo, akasema, "Pole, baba. Basi lala." Kesho yake akatuma hela ya bajaji.

Wanaotaka kukuombea, waombe. Wanaotaka kukukanda kichwa kwa maji ya moto au kukupa mizizi unywe, washukuru na waambie kwa upole kwamba daktari amekukataza kuchanganya dawa. Na kama wanataka urudi nyumbani, pima safari yenyewe. Kwa kona za Kitonga hata mwenye kichwa kizima huomba mfuko.

Nalia hovyo na nagombana na kila mtu. Nimeharibika akili?

Hujaharibika. Hasira za ghafla, machozi, wasiwasi na kusahau majina ni dalili za mtikisiko, sawa na maumivu. Mwambie mtu wako wa karibu mapema ili asidhani umemchukia. Zikikuelemea, au ukianza kufikiria kujidhuru, usilale nazo: nenda kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali siku hiyohiyo, na usikae peke yako.

Wiki 4 zimepita na bado.

Rudi hospitali, usijitibu kwa uvumilivu. Mara nyingi kuna kitu kinachotibika kimejificha nyuma: shingo iliyoumia pamoja na kichwa, macho yasiyoshirikiana vizuri, kipandauso, au kizunguzungu cha sikio la ndani ambacho mtaalamu wa fiziotherapia hukiondoa kwa kukulaza na kukugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu. Nenda na daftari lako la namba. Daktari mwenye foleni ya watu 40 atalipenda.

Lini naruhusiwa kucheza mpira? Na nitajuaje nimepona?

Mpira huja baada ya masomo. Mazoezi mepesi yanaweza kuanza mapema sambamba na masomo, lakini umalize kwanza siku nzima ya vipindi bila namba kupanda ndipo urudi kwenye mazoezi na timu. Hatua ni hizi: kutembea haraka, kukimbia taratibu, mazoezi ya peke yako na mpira, mazoezi na timu, halafu mechi. Kila hatua ichukue angalau saa 24, dalili zikirudi unashuka ngazi moja, na kabla ya kugongana na watu upate ruhusa ya daktari. Kugonga kichwa mara ya pili kabla ya kupona kunaweza kurefusha ugonjwa kwa miezi, na mara chache sana, hasa kwa vijana, ubongo huvimba ghafla na mtu akafariki. Bodaboda ni hivyohivyo. Ukilazimika kuipanda, helmeti ivae na mkanda wake uufunge.

Kuhusu kupona, mimi nilijua Jumamosi moja nilipopanda kitanda cha juu kutafuta begi, nikainama, nikalivuta, nikashuka ngazi bila kushika ukuta. Nilikuwa nimeshafika chini ndipo nikagundua sikushika. Jioni ile nilikusanya shuka zangu nikamrudishia mwenzangu kitanda chake.